Mwasumini Uliotufungia Mlango

Niliwahi kumtia katika wizi wa ardhi mama wa watu aliyekuwa akinilisha mahamri kila asubuhi, na ushahidi wangu wote ulikuwa ni shina moja la mwasumini. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Najua wapo watakaonitetea kwamba mtoto hana kosa. Ahsanteni, lakini mimi sikuwa mtoto hivi hivi; nilikuwa mtoto aliyesoma, tena aliyesoma nusu. Mtoto mjinga huvunja kikombe. Aliyesoma nusu huvunja ujirani.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kuze mtaikumbuka Mombasa hiyo niisemayo. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini foleni ya mchele ilikuwa bado haijaletewa habari. Saa hatukuwa nazo, tukizijua saa kwa pua: kwanza moshi wa makaa, kisha iliki ya mahamri, kisha samaki wa kukaanga, na hapo ujue adhuhuri i karibu na baba yu njiani kutoka Kilindini, alikokuwa karani wa kuhesabu magunia. Wenzangu walicheza gololi na kibe vichochoroni mpaka magoti yakawa kama vifuu. Mimi nilikuwa mtu wa ndani. Jua nililiona kupitia dirishani, na sikuona sababu ya kulifuata huko liliko. Wakaniita Mwana Ndani, na jina likanikaa. Hata leo watu wakifunga safari kwenda Lamu kwa Maulidi, mimi huwatakia heri nikiwa nimeketi, na wakirudi huwasikiliza nikiwa nimeketi pale pale.

Mwana Ndani basi alikuwa akiishi katika nyumba ya ghorofa moja iliyoegemeana na nyumba ya jirani yetu Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa tatu, na kazi yake ilikuwa kupika mahamri ya kuuza. Baina ya nyumba hizo mbili, huko juu, palikuwa na mlango wa kati. Mnaijua milango hiyo. Ilitobolewa ukutani na mababu ili wanawake watembeleane bila kuvaa buibui na kutoka nje. Mlango wetu haukuwa na komeo. Mamangu na Bi Zuhura walikuwa wakipitiana humo tangu alfajiri, na vyombo vikipita nao, hata ikawa hakuna nyumba iliyotimia peke yake. Kinu kilikuwa chetu, na Bi Zuhura akitwangia iliki yake humo. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa yake, na sisi tukikunia nazi zetu hiyo. Ukimuuliza mama kwa nini hanunui mbuzi yake mwenyewe, atakuuliza, “Ya nini, na hiyo ipo?”

Nyuma, chini, palikuwa na ua usiotosha kutandika mikeka mitatu. Ulikuwa wetu sote, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza ni wa nani.

Sasa tuje skuli. Tulikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Shali, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akitutungia hadithi fupi mwenyewe na kuziandika ubaoni kwa chaki, kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache na vilivyokuwapo vilieleza habari za theluji. Alhamisi moja akatuandikia hadithi ya mtu aitwaye Juma Kitoto. Juma alipewa ruhusa na tajiri mmoja wa Kisauni akae katika shamba lake na alime. Akakaa miaka mingi. Alilima muhogo, mahindi na kunde, na kila mavuno akimpelekea mwenye shamba kapu moja la heshima. Siku moja tajiri alikuja kutembea, akakuta nyuma ya kibanda cha Juma minazi saba imesimama, mingine mirefu, mingine michanga. Tajiri akarudi nyumbani bila kuaga. Hadithi ikaishia hapo.

Mwalimu akapangusa mikono, akauliza, “Juma alipanda minazi kwa nini?”

Nikanyosha mkono haraka hata nikakaribia kumtoboa jicho aliyeketi kando yangu. “Kwa sababu alipenda madafu, Mwalimu.”

Darasa zima likaanguka kicheko. Mbarak, mwana wa muuza nazi, alicheka mpaka akashika tumbo. “Mwana Ndani! Mnazi aujua kwenye chungu tu huyu!”

Mwalimu hakucheka. Alitueleza jambo ambalo wenye mashamba wote wa pwani walilijua na mimi, mtoto wa mawe na chokaa, sikulijua. Aliyekaribishwa katika ardhi ya mtu hupanda cha kuvuna na kwenda zake. Muhogo wang'oka. Mnazi haung'oki, unaishi kuliko aliyeupanda. Kwa hiyo mwenye shamba humruhusu mgeni kila zao, ila mti wa kudumu. Apandaye mnazi amesema bila kufungua kinywa: mimi siondoki, na wanangu hawaondoki.

“Kwa hivyo,” akasema Mwalimu, “ukitaka kumjua mtu katika hadithi, usitazame asemacho. Tazama alichokipanda.” Kisha kengele ikalia, akaongeza kwamba kesho ni Ijumaa, na Jumamosi tutaendelea kwani bado hatujafika mahali penyewe.

Hayo maneno ya mwisho mimi sikuyasikia. Nilikuwa nimeshaondoka na nusu yangu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiona makusudi kila mahali. Paka aliyelala kizingitini mwa duka alikuwa na lake. Mzee aliyenisalimu vizuri alikuwa na lake. Nilipofika nyumbani nikapitia uani kunawa miguu, na nikamkuta Bi Zuhura amechutama, mikono imejaa udongo, anautoa mwasumini katika debe na kuutia ardhini, upande wetu wa ua. Upande wetu hasa, chini ya ukuta wetu, pale penye choo.

“Ndoo unishikie hapa, mwanangu,” akaniambia. Nikamshikia. Nikamtilia na maji. Yaani nilikuwa mshirika wa wizi huo kabla sijawa shahidi wake.

Wakati wa chakula baba alikuwa amekwisha nawa, wali wa nazi unafuka, na mimi nikaona huu ndio wakati wa elimu kuonekana faida yake. Nikasema, “Baba, Bi Zuhura ataka kutuchukulia ua.”

“Ua upi huo?” akauliza mama.

Nikaeleza. Nikaeleza kwa ufasaha, Mungu anisamehe. Nikamtaja Juma Kitoto, nikataja mti wa kudumu, nikasema mtu hatazamwi asemacho hutazamwa alichokipanda, nikamalizia kwamba leo mwasumini, kesho mnazi, kesho kutwa ukuta. Mama akacheka. Baba hakucheka. Baba alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa karani, na karani akisikia neno mpaka hutafuta kalamu.

Ijumaa baada ya swala akafungua kasha, akatoa hati ya babu yake iliyoandikwa Kiarabu kwa wino wa rangi ya chai, akashuka uani kupima kwa dhiraa. Akapima kwa mkono wake, ikatoka dhiraa nane na kitu. Hati ilisema saba. Akapima tena, ikatoka tisa. Bi Zuhura akachungulia dirishani mwake.

“Wapima nini, shemeji?”

“Napima haki,” akasema baba.

Jibu hilo lilikuwa zuri mno, na maneno mazuri mno ndiyo huvunja nyumba. Bi Zuhura akasema, “Haya. Ukiipata, usisahau kuitandika juani isije ikaota ukungu.” Akafunga dirisha. Jioni ile baba akachukua misumari minne na nyundo, akaugongomea mlango wa kati. Mama alisimama akimtazama toka msumari wa kwanza hata wa nne. Baba alipomaliza, mama akamwambia, “Umepiga vizuri,” akaenda kulala mapema.

Jumamosi nikaenda skuli kifua mbele. Mwalimu akaendelea na hadithi pale alipoachia. Kumbe Juma alikuwa na watoto saba. Kila mtoto alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa nyuma ya kibanda na juu yake ukapandwa mnazi, kama walivyofanya wazee wake na wazee wa wazee wake. Minazi saba, watoto saba. Mwalimu akauliza, “Haya, Juma alikuwa akidai ardhi au alikuwa akiwakaribisha wanawe duniani?”

Mbarak akasema ni dai, kwa sababu baba yake angesema hivyo. Mwingine akasema ni mapenzi. Wakabishana mpaka jasho. Mwalimu akasema huenda yote mawili, na huenda Juma mwenyewe hakujua, na kwamba tajiri alikuwa na kosa moja tu: aliondoka bila kuuliza.

Nikaikumbuka misumari minne ya baba. Nilijiambia mambo ya wakubwa yatajimaliza yenyewe.

Hayakujimaliza. Adhuhuri ile tulikula wali mkavu. Mbuzi ilikuwa ng'ambo ya misumari. Baba alitafuna, akatazama sahani, akatafuna. “Tui liko wapi?”

“Liko ndani ya nazi,” akasema mama, “na nazi ile pale.”

Baba alikuwa amekwisha kutoa amri kwamba hakuna chombo kitakachovuka kwenda wala kuja, na amri ya baba ilikuwa amri. Kupitisha mbuzi kwa mlango wa nje nako kulikuwa hakufikiriki: mtaa mzima ungeiona njiani na kujua tumegombana, na enzi zile mtu alikuwa radhi kula wali mkavu mwaka mzima kuliko ugomvi wake kuonekana kichochoroni. Tukala samaki bila tui, mbaazi bila tui, mchicha bila tui. Mama akipika kwa utulivu wa kutisha. Jioni alikuwa akikaa karibu na ule mlango uliogongomewa, akishona kofia, na upande wa pili tulisikia kiti cha Bi Zuhura kikilia alipoketi. Wamekaa hivyo, ubao mmoja kati yao, hakuna anayemsemesha mwenziwe. Sijapata kuona wanawake wawili wakinyamaza kwa sauti kubwa kiasi kile. Mama alikuwa ameacha kuimba. Mimi niliyezoea kusomea karibu naye nikajikuta nakwenda nje kucheza gololi. Fikirini hali ilivyokuwa.

Upande wa pili mambo hayakuwa mazuri zaidi. Bi Zuhura hakuwa na kinu. Mahamri yakaanza kutoka bila iliki. Siku ya kwanza watu walidhani ni bahati mbaya. Siku ya tatu mzee mmoja akasimama kwenye baraza akilishika hamri lake kama barua ya msiba, akauliza kwa sauti, “Jamani, iliki imepigwa marufuku na serikali?” Siku ya tano nusu ya wateja walikuwa wamehamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili. Bi Zuhura alikuwa hana mume, hana mwana. Mahamri ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Nilimwona asubuhi moja akirudisha ndani sinia lililojaa. Aliniona, akaniita, akanipa mawili, bei ile ile ya siku zote, yaani bure. “Kula, mwanangu. Hayana ladha, lakini yana moto.”

Niliyala nikilia. Nilimwambia ni moshi.

Siku ile ile, katika somo la hesabu, wakati Mwalimu akitufundisha kugawanya, nikanyosha mkono. “Mwalimu, na kama Juma Kitoto angepanda mwasumini?”

Darasa likaanguka tena. “Mwana Ndani amerudi shamba!” akasema Mbarak. Mwalimu Shali alinitazama kwa muda. Sijui alijua nini. Kuze mambo hayafichiki, hata yakipita kwa mlango wa ndani. Akaweka chaki chini.

“Mwasumini si mti wa kudumu,” akasema. “Ni ua la kunukia, la kuvaa kichwani. Hakuna kadhi atakayempa mtu hata shubiri moja ya ardhi kwa sababu ya mwasumini. Mtu anayepanda mwasumini kwa jirani yake,” na hapo akatabasamu, “labda aulizwe mwenyewe.”

Nilikimbia mbio nyumbani, mimi ambaye sikimbii. Baba alikuwa ameketi mbele ya wali wake, ameukodolea macho kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa kwa lugha asiyoijua. Nikamwambia, “Baba, Mwalimu Shali asema mwasumini haumo. Kadhi hatoi ardhi kwa mwasumini.”

Baba akaacha kutafuna. “Mwalimu kasema hivyo?”

“Kasema hivyo.”

“Mwenyewe?”

“Kwa kinywa chake.”

Akatafakari kama kwamba jambo hilo lilihitaji kutafakariwa. “Mwalimu ni mtu aliyesoma,” akasema, akainuka na mkono wake mchafu wa wali, akaenda kutafuta koleo. Akaing'oa misumari mmoja mmoja, akainyosha juu ya kizingiti, akaifunga kwenye karatasi, kwa maana misumari nayo ilikuwa adimu siku zile. Sababu aliyoitoa ni kwamba imeanza kuingia kutu. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mama alikuwa nyuma yake, ameshika kinu mikononi, kinu kile kizito, sijui alikuwa amekishika tangu lini.

Mlango ulifunguka kabla baba hajaugusa. Bi Zuhura alikuwa amesimama upande wake na mbuzi ya kukunia nazi kwapani. Wakatazamana, yeye na mama. Nikangoja machozi, nikangoja lawama.

“Mna nazi?” akauliza Bi Zuhura.

“Ziko tele,” akasema mama. “Una iliki?”

Basi. Wakapishana mlangoni, kila mmoja na mzigo wake. Baba akarudi kwenye sahani, akakaa mbele ya wali wake mkavu asiule, akingoja. Na kichapo? Kilikuja kesho yake, kwa kosa jingine dogo lisilostahili kichapo kirefu vile. Nilikielewa.

Siku hizi wajukuu zangu huja kwangu na vitabu vyao vya hadithi. Si kusoma, la. Kitabu wanacho ili kuwekea mwongozo. Mwongozo ndio wanaousoma. Humo wameandikiwa kila mhusika na nia yake, moja, mbili, tatu, kama dawa ya kikohozi. Juzi mmoja akaniambia mhusika fulani “ana tamaa na ubinafsi”. Nikamuuliza amejuaje. “Ukurasa wa arubaini, babu.” Hajawahi kula hata hamri moja la mhusika huyo! Siwacheki sana, maana mimi nilifika huko kabla yao, tena bila mwongozo.

Ila kuna lililoondoka na sisi hatukulisindikiza. Mjini sasa nyumba zinajengwa zikipeana mgongo, na juu ya kuta vipande vya chupa. Jirani akikerwa nawe utajua kabla ya chai: ataleta askari, ataleta barua ya wakili, au atapaza sauti dirishani mtaa wote usikie ulichopika na usichopika. Kila mtu anasema alilo nalo moyoni, na wanaliita hilo uwazi. Huenda ni bora. Mimi nimezaliwa katika mji ambapo mtu alikuwa akilifunga neno moja kifuani miaka thelathini ili asimvunjie mwenziwe uso, na kwa kuwa sikulijua hilo, nikalitafsiri.

Maana nilikuja kumuuliza, mwishowe. Mama alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na mimi nilikuwa baba wa watoto wanne, mtu mzima mwenye mvi za kwanza na cheti cha sekondari ndani ya fremu. Bi Zuhura alikuwa hana meno isipokuwa mawili, akitwangiwa tambuu yake kwenye kinu kidogo. Niliketi kwake nikamkumbusha ule mwasumini. Nikamwambia nimefikiri miaka yote, na nimepata maelezo matatu. Huenda alikuwa akimkumbuka marehemu mumewe. Huenda alitaka mama awe na maua ya kuvaa asubuhi bila kuyanunua. Au huenda, nikamwambia nikiinua kidole kama Mwalimu Shali, alitaka kitu kimoja kisicho na mpaka kati ya nyumba mbili. Mwenyewe niliipenda hiyo ya tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu, akapangusa mdomo, akasema:

“Ardhi ya nini, mpaka wa nini, weye! Choo chenu kilikuwa chanuka, na mamako alikuwa rafiki yangu, ningemwambiaje?”